Waliniambia ni Ukucha Tu

Wanangu mnaojiandaa kwenda Saudia, mtafundishwa mengi kabla ya kupanda ndege. Mtafundishwa kupika kabsa, ule wali wao wa nyama, kupiga pasi kanzu za wanaume zisibaki na mkunjo hata mmoja, na kuitikia "aiwa, madam" hata pale ambapo hamjaelewa neno. Hakuna atakayewafundisha namna ya kutunza miguu ya paka aliyetoka kufanyiwa upasuaji. Mimi pia sikufundishwa, na nusura nimuue paka wa watu kwa mikono yangu hii, tena kwa usafi.

Nimefanya kazi za ndani miaka kumi na saba, Riyadh kwanza kisha Jeddah, yote kwa familia moja. Sasa nimestaafu, niko kwangu Wundanyi, nafuga kuku na kulalamikia magoti. Mkija kuniuliza habari za huko mnauliza kuhusu madam wakali, kuhusu ikama, kile kibali cha kuishi, kuhusu kama mtaruhusiwa kushika simu. Hayo nimewajibu mpaka nimechoka. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni kitu gani kilichonishtua kuliko vyote, na jibu ni paka mmoja wa rangi ya machungwa aliyeitwa Mishmishi.

Ilikuwa asubuhi, nipo jikoni katika nyumba yetu ya Al-Hamra, Jeddah, nachambua mchele. Wafula, dereva wetu, Mkenya mwenzangu wa Bungoma, akaingia kwa mlango wa nyuma amebeba kile kisanduku cha plastiki cha kusafirishia paka. Wafula ni mtu wa maneno. Hakuwa akiingia jikoni bila kuuliza kama ugali umeiva, akijua fika nyumba ile haina unga. Siku hiyo aliweka kisanduku sakafuni akarudi nyuma hatua mbili.

"Dada Mghoi, fungua wewe," akasema. "Mimi nimeshindwa."

Nikafungua, nikapigwa na butwaa. Mishmishi, ambaye jana yake alikuwa akirukia juu ya friji, alikuwa amelala ubavu, miguu yake ya mbele imefungwa bendeji nene mpaka kwenye viwiko. Kwenye ncha za bendeji damu ilikuwa imepenya. Alinitazama, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Nikamwuliza Wafula kama amegongwa na gari. Akatikisa kichwa, kisha akanyoosha mdomo kuelekea mlangoni.

Madam Hanan alikuwa anaingia nyuma yake, funguo mkononi. Akasema bila kunitazama usoni kwamba amempeleka paka kliniki, wamemwondoa kucha. "Ni ukucha tu, Mariamu," akasema. "Siku kumi atakuwa mzima." Mariamu ndiye mimi, jina la Mghoi liliwashinda tangu siku ya kwanza, wakanipa hilo, nami nikalizoea. Akanikabidhi mfuko wa dawa na karatasi ya maelezo iliyoandikwa Kiarabu, ambayo sikuweza kuisoma, halafu akaniambia mambo mawili ambayo hayakuandikwa humo. La kwanza, mama yake asiambiwe. La pili, paka yule akifa, mama yake hatakaa sana nyuma yake, kwa hiyo nijue nimeshika nini mkononi.

Mama yake ndiye tuliyemwita Sitti, yaani nyanya, kama wajukuu walivyomwita. Alizaliwa Balad, mji wa kale wa Jeddah, kwenye zile nyumba za mawe ya matumbawe, akaolewa Riyadh na kuishi mtaa wa Malaz zaidi ya nusu ya maisha yake. Mumewe alipofariki alisema halas, yaani basi, anarudi karibu na alikozaliwa, na familia yote ikahama naye. Kisukari kilikuwa kimemla macho na miguu. Macho yaliona kivuli cha mtu tu. Miguu haikuhisi kitu. Ungeweza kumchoma na sindano unyayoni naye akakuuliza kama chai iko tayari. Rafiki zake wa ujana walikuwa wamekwisha mmoja mmoja. Alichobaki nacho cha kumfurahisha ni Mishmishi.

Paka huyo alitoka Balad. Siku moja Wafula alitupeleka huko Sitti akanunue ubani, na kitoto cha paka kikatufuata kutoka dukani mpaka garini, kikapanda kwenye kiti chake cha magurudumu bila kualikwa. Kuanzia hapo kililala juu ya miguu yake. Na walikuwa na mchezo wao. Kila alasiri baada ya kahawa, Sitti alishika kiganja cha paka, akakibonyeza polepole kwa kidole gumba, kucha zikachomoza, naye akacheka. "Nionyeshe majambia yako," alikuwa akimwambia.

Majambia hayo ndiyo yaliyoleta balaa. Paka akijinyoosha usingizini hukwaruza, na Mishmishi alimkwaruza Sitti kwenye muundi. Yeye hakuhisi. Mimi ndiye niliyeona damu kwenye shuka. Kidonda kile kidogo kilichukua miezi mitatu kufunga, na daktari akamwambia madam kwamba mguu kama ule unaweza kupotea kwa jambo dogo namna hiyo. Mtauliza kwa nini hatukuzikata ncha tu, kwa kile kikasi cha paka. Zilikuwa zikikatwa, na mkataji alikuwa mimi. Lakini alipigana nami kila mara, nikatoka na mikono imechanika, na mwishowe nikaanza kuruka wiki. Hapo pana lawama yangu na sitaificha. Madam naye alikwama: amwondoe paka, mama afe kwa majonzi, amwache, mguu uende. Mtu akamwambia kuna upasuaji. Simlaumu sana. Namlaumu kidogo.

Nilikabidhiwa mgonjwa huyo kwa sababu nyumba nzima ilijua kwamba Mariamu ndiye fundi wa miguu. Ufundi huo niliupata Malaz. Katika fleti iliyotazamana na yetu alikuwa akifanya kazi Bi Mize, Mzanzibari mtu mzima, aliyekuwa amemuuguza bosi wake wa kisukari miaka mingi. Tulikutana kwenye ngazi tukipeleka taka. Aliposikia kwamba naosha miguu ya Sitti kwa kuimwagia maji bafuni, haraka haraka, kisha naifuta na taulo lolote, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Mwanangu, mguu huo haukwambii kitu," akaniambia. "Weye ndo macho yake, na weye ndo ngozi yake."

Akanifundisha. Maji ya vuguvugu kwenye beseni, na uyapime kwa kiwiko wala si kwa kiganja, kwa maana viganja vyetu vya jikoni vimezoea moto. Kifuniko kimoja cha ile dawa ya kuua vijidudu inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini. Kukausha kwa kitambaa cha pamba, kidole kwa kidole. Mafuta kwenye unyayo, kamwe si katikati ya vidole. Na uhesabu kwa sauti, kwa sababu mkono uliozoea kazi hufanya pupa ukaruka mahali. Siku ya kwanza alinisimamia, nikaruka uwazi mmoja tu, akanirudisha mwanzo kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mimi nilihesabu kwa Kiswahili, na Sitti akavutiwa akajifunza. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Hiyo tano aliitamka kwa nguvu, mdomo umejaa. Kila siku miguu miwili, mimi na yeye, tano na tano.

Kisha, tukiwa bado Malaz, kidole kidogo cha mguu wake wa kulia kikageuka cheusi. Nilikiona mimi. Akapelekwa hospitali, kikakatwa. Wanawe walikaa sebuleni wakakubaliana mama asiambiwe. Kwao hiyo ni huruma, mgonjwa mzee habebeshwi habari mbaya, na msijifanye, hata sisi kwetu tunafanya hivyo hivyo. Akaambiwa, nami nikamrudia maneno hayo hayo, kwamba ameondolewa ukucha uliokuwa umeingia nyamani, ni ukucha tu. Haoni, hahisi, hawezi kuinama afikie mguu wake. Aliyebaki wa kumwambia ni mimi. Siku nilipoanza tena kumwosha nilileta beseni, nikaanza kukausha: moja, mbili, tatu, nne. Nikafika mahali patupu. Sitti alikuwa ameinua uso, anangoja. Nikasema tano. Naye akasema tano.

Nilisema tano kwa miaka minne. Na nilijaza pamba kwenye ncha ya soksi yake, upande ule, ndala isipwaye. Mwanzoni nililisema nikitazama pembeni. Baadaye nikawa nalisema huku nikifikiria nitapika nini. Mkiingia kwenye nyumba za watu mtaombwa mambo ya namna hiyo, na mtashangaa jinsi mtakavyoyazoea upesi.

Sasa nirudi kwa paka. Wafula alipiga picha ile karatasi ya maelezo, simu ikaitafsiri, nusu yake ikatoka vichekesho. Tulichoelewa ni kwamba asiruke, asivuliwe ile kola pana ya plastiki ya shingoni, bendeji zitolewe baada ya siku mbili, na choo chake kisitiwe mchanga kwa sababu chembe zinaingia kwenye vidonda. Badala yake tutie karatasi iliyochanwa. Hilo la karatasi tulilielewa vizuri mno. Wafula akazunguka kwa walinzi wa majumba ya jirani akarudi na magazeti ya wiki nzima, amefurahi kama aliyetoka sokoni na mbuzi. Nikakaa chini nikachana mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino, nikajaza sinia ya choo ikawa laini, nikajipongeza.

Madam akaingia, akaona. Sijawahi kumwona mtu akibadilika uso vile. Hakupiga kelele. Aliinama na nguo zake nzuri akaanza kuokota vipande kwa mkono wake mwenyewe kutoka kwenye choo cha paka, midomo ikimchezacheza kwa dua. Gazeti la Kiarabu, wanangu, limejaa jina la Mungu: ndani ya majina ya watu, kwenye matangazo ya vifo, kwenye aya. Nami nilikuwa nimelitandika paka alikojolee. Mimi ni Mkristo wa milimani, kwetu gazeti la jana linafungia nyama. Nilitamani ardhi inimeze. Nikapiga magoti nikaokota naye kipande kwa kipande, na bahati njema Mishmishi alikuwa hajakigusa choo. Tulipomaliza alinitazama, akasema tu, "Hukujua," akavipeleka vile vipande kwenye boksi safi. Tangu hapo tulitumia karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Nanyi fanyeni hivyo hivyo, msitumie karatasi ya Kiarabu kwa kazi chafu hata siku moja.

Mngedhani baada ya kosa hilo ningejifunza kuuliza kabla ya kufanya.

Bendeji zilipotoka, nilipoiona ile miguu nilishtuka upya. Ilikuwa imevimba, kila kidole chekundu, na kwenye kila ncha pana kijishimo kilichofungwa kwa gundi ya daktari. Siku ya pili yake mguu mmoja ukaanza kunuka kidogo. Nikaogopa. Na nilipoogopa nilifanya kile nilichokijua: nikaleta beseni dogo, maji ya vuguvugu, nikapima kwa kiwiko, nikatia kifuniko kimoja cha dawa. Maji yakawa meupe. Nikamzamisha miguu, nikamkausha kwa kitambaa cha pamba, nikihesabu kwa sauti. Paka ana vidole vitano kila mguu wa mbele, sikujua mpaka siku hiyo. Halafu nikamvua ile kola apumzike kidogo, maana alikuwa akigonga nayo kila mlango. Akaanza kujilamba miguu. Nikasema, vizuri, anajisaidia kujisafisha.

Haikupita muda mrefu mate yakaanza kumtoka kama uzi. Ulimi ukawa mwekundu, mwili ukatetemeka, miguu ya nyuma ikamwisha nguvu akaanguka kwenye marumaru. Nilimpigia Wafula simu. Akaja mbio, na kwa wema wake akatoa mfukoni kidonge cha maumivu, kile tunachomeza sisi kichwa kikiuma, akasema tumpe nusu. Nilikuwa nimeshakikata kwa kisu. Kilichotuokoa ni kwamba mdomo wa paka ulikuwa umejaa povu na hakuweza kumeza. Tukamfunga kwenye taulo tukaondoka.

Kliniki ile ya kwanza ilikuwa imefungwa mchana. Wafula aliijua nyingine ndogo, ya daktari Msudani. Daktari huyo aliinusa miguu kabla hata ya kuitazama, kisha akaniuliza nimemwosha na nini. Nilipomwambia hakungoja nimalize. Alimpeleka kwenye sinki akamsugua miguu kwa sabuni laini na maji mengi, akamwosha mdomo, akamtundikia dripu. Ndipo akanieleza. Dawa ile paka haiwezi. Mwili wake hauna namna ya kuivunja, na kila anachokanyaga atakilamba, kwa hiyo inamuunguza mdomo kisha inakwenda kwenye ini. Nikamtolea kile kidonge. Akasema nusu ile ingemmaliza. Nikakaa sakafuni pale pale, hata kiti sikukiona.

"Mliambiwa amefanyiwa nini?" akaniuliza.

"Ameondolewa kucha," nikasema. "Ni ukucha tu."

Akanyanyua kidole chake mwenyewe, akakipitishia kalamu kwenye kiungo cha mwisho, hapo chini ya ukucha. "Wamekata hapa," akasema. "Mfupa. Vidole vyote kumi." Akaongeza kwamba yeye hufukuza watu wanaomletea kazi hiyo, kwa sababu ukucha wa paka umeshikana na mfupa, huwezi kuutoa peke yake.

Nilitazama vidole vyangu. Wafula, ambaye hana jambo asilolifanyia mzaha, alitoka nje akasimama kando ya gari akitugeuzia mgongo. Ukucha tu. Maneno yale yale, na mimi mwenyewe niliyasema Malaz kwa mdomo huu, tena kwa sauti tamu.

Niliporudi nilimweleza madam kila kitu, dawa, kidonge, na ule mstari wa kalamu. Nilikuwa tayari kufungasha nguo. Yeye akavuta kiti cha jikoni akakaa kwa uzito. "Wallahi, waliniambia ni ukucha tu," akasema, na akalia. Nilisimama nimeshika kitambaa cha vyombo, sijui kama naruhusiwa kumshika bega. Nikamshika. Aliponyamaza aliuliza tutamwambia nini mama, na tukakubaliana, mimi na yeye, kwamba tuseme zimekatwa fupi sana.

Mishmishi alilazwa siku mbili. Sitti aliuliza kila saa. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nikimwambia yuko kwa mkata kucha, bado wanamtengeneza. "Kucha gani hizo zinazokatwa wiki nzima?" akaniuliza, nami nikajifanya natafuta kitu kabatini. Nilikuwa nimeshika roho mbili, ya paka na ya bibi, na sikujua kama hata moja ingebaki.

Alirudi akiwa hai. Nilimtunza upya, safari hii kwa kuuliza. Nilimweka bafuni pasipo na mahali pa kurukia. Kola ikabaki shingoni hata aliponililia. Miguu haikuzamishwa majini tena; palipochafuka nilipagusa kwa kitambaa laini na maji yaliyochemshwa yakapoa, basi. Sakafu alikopita niliipiga deki kwa maji matupu, na harufu ile ya usafi niliyoipenda miaka yote ikaondoka nyumbani. Asubuhi na jioni niliigeuza miguu kwenye mwanga nikaitazama, kidole kwa kidole, na kuinusa. Nilihesabu pia. Mikono ilikuwa imezoea.

Siku ya kumi na mbili daktari akaruhusu. Alasiri hiyo Sitti alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na madam amesimama na birika la kahawa. Nikamweka Mishmishi mapajani mwake. Sitti alimnusa kichwani, akamwambia amekonda. Kisha akashika kiganja chake kama kawaida, akabonyeza.

Hakuna kilichochomoza. Akabonyeza tena, taratibu, kidole kimoja kimoja, akihesabu kwa Kiswahili changu nilichomfundisha. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Kidole gumba chake kikabaki pale pale kwenye ile ncha fupi. Madam hakumimina kahawa.

"Mariamu," akasema Sitti, "wamemkata vidole."

"Walituambia ni ukucha tu, Sitti."

"Na mimi mliniambia ni ukucha tu."

Nilisikia birika likiwekwa mezani, polepole sana. Sitti hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alieleza huku akimpapasa paka, kana kwamba anasimulia habari za jirani. Siku ya kwanza alipovaa ndala baada ya hospitali, ilipwaya, akaisikia ikipigapiga sakafu. Siku ya pili haikupwaya, akajua nimeweka kitu ndani. Akasema moyoni, binti huyu anaogopa. Kwa hiyo kila siku nilipofika mahali patupu na kusema tano, naye alisema tano, nisione haya. Miaka minne. Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nambebea yeye mzigo huo.

Madam alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Sitti hakugeuka upande wake.

"Lete beseni," akaniambia.

Nikaleta. Maji ya vuguvugu, nikapima kwa kiwiko. Nikapiga magoti, nikamvua soksi ya kulia, nikamwosha, nikachukua kitambaa cha pamba nikaanza kukausha. Moja, nikasema. Mbili. Tatu. Nne. Nikafika mahali patupu. Sitti alikuwa ameinua uso, anangoja, vile vile kama siku ile ya Malaz.

Nikanyamaza.

"Halas," akasema. "Leo umehesabu vizuri."

Nikampaka mafuta unyayoni. Nikachukua soksi, nikatoa ile pamba, nikamvisha.